Vyote Vilivyo Ndani Yangu

(Mhadhara kwa wanakwaya na waongozaji wa sifa, Malindi, Jumamosi alasiri)

Bwana asifiwe.

Asanteni. Tukianzia hapo hapo, kwenye salamu hii, sidhani kama tutapotea. Hapa Malindi mtu akikwambia "Bwana asifiwe" umeshajua anasali wapi. Tunaisema tukibisha hodi, tunaisema kwenye simu kabla hatujataja shida yetu, tunaisema tukisimama kutoa matangazo. Wengine wenu mtakuwa mmeisema mara 20 tangu asubuhi. Sikatazi, ni salamu njema. Lakini isikilizeni vizuri. Asifiwe. Na nani? Na mimi ninayeitamka. Asifiwe kwa lipi? Hapo ndipo wengi wetu tukiulizwa tunatafuta la kusema.

Chukueni neno lenyewe, sifa. Kazi ikitangazwa, tangazo huwa na "sifa za mwombaji": awe na cheti hiki, awe amefanya kazi miaka kadhaa. Sifa ni yale mtu aliyo nayo, yanayomfanya awe alivyo. Kiswahili kimelichukua neno hilo kwenye Kiarabu, na huko nako linabeba maana hiyo ya namna kitu kilivyo. Kwa hiyo ninapomsifu Mungu kwa lugha yangu nasema alivyo. Simpambi, wala simwongezei kitu. Nashuhudia. Na shahidi, ndugu zangu, hawezi kusema asilolijua.

Neno la pili ni kuabudu. Nalo lina asili ya Kiarabu, na ni jamaa wa neno lililomo katika jina Abdalla, maana yake mtumwa wa Mungu. Makanisani kwetu siku hizi tumezoea kugawa: nyimbo za mwendo wa kasi tunaziita sifa, za taratibu tunaziita kuabudu. Mgawanyo huo unasaidia kupanga ibada, lakini kuna vijana waliokulia ndani yake wanaodhani kuabudu ni mwendo wa wimbo. Fungueni Mwanzo 22. Ibrahimu anawaambia vijana wake wabaki na punda, yeye na mwanawe waende kule wakaabudu. Kinubi hakitajwi, wala matari. Vinavyotajwa ni kuni, moto na kisu, na mtoto anayeuliza mwana-kondoo yuko wapi. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana ya kuinama mpaka chini, na Ibrahimu alikuwa ameinama kabla hajaufikia mlima.

Sasa tuje kwenye moyo, kwa sababu nimeombwa nizungumzie sifa zitokazo moyoni. Tukisema "ameimba kwa moyo" mara nyingi tunataka kusema alilia, au alipandisha sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Machozi siyadharau. Lakini katika Agano la Kale moyo ni mahali mtu anapofikiri, anapokumbuka, anapoamua. Na sisi tunalijua hilo, maana tunasema "nimeliweka moyoni", "naijua sura hiyo kwa moyo", "moyo wangu umekataa". Ndiyo sababu lile neno la Isaya, ambalo Bwana Yesu alilirudia mbele ya Mafarisayo, linauma: "Watu hawa huniheshimu kwa midomo, ila mioyo yao iko mbali nami." Hakusema wamenyamaza. Walikuwa wakiimba vizuri tu.

Nitawaambia yangu, kwa sababu sina haki ya kuwaambia haya nikijificha.

Niliongoza sifa miaka tisa. Katika miaka hiyo, minne nilikuwa sisemi na kaka yangu. Baba yetu alituachia shamba ng'ambo ya mto Sabaki, na kati ya sehemu yangu na yake kulikuwa na safu ya minazi 14. Yeye alisema ni yake, nami nilisema ni yangu. Maneno yalitutoka ambayo watu waliozaliwa tumbo moja hawapaswi kuambiana. Basi nikaacha kwenda. Alipofiwa na mkwewe sikwenda. Na kila Jumapili nilisimama mbele ya watu, nikainua mikono, nikaimbisha. Kina mama walilia. Wageni walikuja kunishika mkono baada ya ibada. Sauti yangu haikupungua hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Nilidhani moyo ukiwa mbali sauti itakauka, watu watajua. Haikukauka. Hakuna aliyejua.

Jumapili moja bintiye kaka alikuja kanisani na jirani yao. Alikuwa na miaka kama sita. Ibada ilipokwisha akanishika suruali akaniuliza, "Baba mdogo, mbona kwetu hufiki?" Sikumjibu. Nilijifanya nakunja nyaya za spika. Usiku ule niliisoma Mathayo 5, pale Yesu anaposema ukiwa madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo, uende ukapatane naye kwanza. Nilikuwa nimeihubiri mara nyingi. Angalieni, hasemi "ukikumbuka una neno juu ya ndugu yako". Anasema yeye ana neno juu yako.

Jumatatu nilipanda boda boda nikavuka daraja. Nilimkuta kaka uani anafua nazi kwenye kifuo. Nilisema hodi. Hakuinua uso. Alichukua nazi nyingine akaipiga kwenye ncha, akaipindua, akaing'oa makumbi, akaitupa kwenye rundo. Kisha nyingine. Nilisimama pale juani na kofia mkononi nikihesabu. Alifua nazi saba. Ndipo akasema, "Karibu," akanisogezea kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikae. Hatukusema mengi siku ile. Minazi tuliigawana baadaye mbele ya wazee.

Jumapili iliyofuata sauti ilinikatika katikati ya wimbo wa pili. Mpiga kinanda alinitazama akidhani nimesahau maneno. Waliosikiliza watakwambia niliimba vibaya, na ni kweli. Lakini ile nafasi niliyokuwa nikiiruka ndani yangu kila nilipofika kwenye neno "rehema", siku ile sikuiruka.

Tuisome Zaburi ya 103, maana hiyo ndiyo shule ya mwimbaji. "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, naam, vyote vilivyo ndani yangu vilihimidi jina lake takatifu." Vyote. Hata ile minazi 14. Kisha anarudia: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Anazungumza na nani? Na nafsi yake. Anaiamrisha. Kama nafsi ingekuwa tayari imechangamka asingehitaji kuiamrisha mara mbili. Na baada ya hapo anaanza kuhesabu: amekusamehe maovu, amekuponya, ameukomboa uhai wako na kaburi. Kinachoua sifa ndani yetu mara nyingi si dhambi kubwa ya kutangazwa. Ni kusahau. Mtu aliyesahau alitolewa wapi ataimba maneno mazuri ya mtu mwingine aliyekumbuka.

Kuhusu vyombo sitakaa sana. Zaburi ya 150 inavitaja vya kupuliza, vya nyuzi na vya kupigwa, na kayamba yetu ya Kigiriama isingekosa nafasi humo. Neno langu ni moja: sauti ya spika isiwe kubwa kiasi kwamba mama aliyekaa kiti cha nyuma hajisikii mwenyewe akiimba. Yule hakuja kusikiliza. Alikuja kuabudu.

Wala msimlazimishe mtu kutabasamu. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko na kilio, na ile ya 88 inaisha gizani kabisa, haina hata mstari mmoja wa kufurahi mwishoni. Israeli waliiweka kwenye nyimbo zao hivyo hivyo. Mke ambaye mumewe alitoka na mashua msimu wa kusi asirudi, akisimama kwenye kwaya akashindwa kuimba, kusimama kwake ni sifa. Mwacheni. Paulo na Sila kule Filipi waliimba usiku wa manane, migongo imechanika kwa bakora na miguu iko kwenye mkatale. Sisi hupenda kukimbilia tetemeko la nchi na milango kufunguka, kana kwamba wimbo ulikuwa ufunguo. Lakini walipoanza kuimba hawakujua kwamba milango itafunguka. Na Luka ameandika jambo dogo linalonigusa: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza.

Watu wanatusikiliza, ndugu zangu. Mnalijua lile kanisa dogo la Wareno karibu na bahari, lenye paa la makuti na makaburi uani. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita mji huu mwaka 1542 akielekea Goa kule India, akamzika hapa mtu aliyefia safarini. Katika barua yake anasimulia kwamba mmoja wa wakubwa wa mji, Mwislamu, alimwuliza kama makanisa ya Wakristo yanajaa watu, na kama wanasali kwa bidii. Mzee yule alikuwa na huzuni: alisema katika misikiti 17 ya Malindi ni mitatu tu iliyokuwa na watu, nao wachache. Sisemi haya kuwasema majirani zetu, maana Ijumaa mnaona wenyewe wanavyomiminika. Nasema kwa sababu ya swali. Mtu wa dini nyingine, akiwa na uchungu juu ya kupoa kwa ibada ya watu wake, alitaka kujua kwetu moyo uko namna gani. Miaka zaidi ya 480 imepita, na swali bado linaulizwa katika mitaa hii, na anayeliuliza huenda ni fundi wako, au mwenye nyumba wako, anayekusikia Jumapili kupitia spika na kukuona Jumatatu dukani.

Tumebakiwa na muda kidogo. Mpiga kinanda, mwanangu, zima kwanza. Na spika pia. Kila mmoja akae kimya dakika tano, ahesabu fadhili alizozisahau, na kama kuna jina la mtu linalokuja, asilifukuze. Mwenye haja ya kutoka nje kupiga simu atoke, hakuna atakayemwuliza. Mama pale nyuma mwenye kayamba, tukimaliza tutakusikiliza wewe utuanzishie.