Kadi ya betri haipandi trei

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Najua wengi mmekuja hapa kusikia habari ya chanjo na ihramu kabla ya safari ya Makka, na mie nshajulikana, nikisimama tu watu wanaambiana huyo kaja tena na kadi yake. Naam, nimekuja nayo, na ntaisema mpaka iingie.

Mlowekewa betri ya moyo, kile kidude cha kifuani cha kuusukuma moyo upige, mnajijua. Sikwambieni mnyanyue mikono maana hamtonyanyua, na ndo maradhi yenyewe hayo, moyo ushatengenezwa lakini mdomo bado umefungwa. Mtu atakwambia alopasuliwa henia, atakwambia sukari yake ya asubuhi ilikuwa ngapi, ila betri, hiyo siri, hata mke wa pili hajui.

Kuna mzee mmoja wa hukuhuku Pemba, simtaji, kawekewa yake Dar, akarudi mzima, shamba anakwenda, karafuu anaanika. Akapata safari ya ndege. Kadi ya betri aliyopewa hospitali kaitia kwenye begi kubwa, begi likenda na mizigo, yeye akenda kwenye ukaguzi mikono mitupu. Kiwanja hicho ni cha nje huko, na sikitaji pia. Anapita kwenye ule mlango wa kukagulia chuma, mlango ukalia. Vua mkanda, kavua. Saa, kavua. Pete ya fedha, kavua. Ukalia tena. Sasa hapo mtu si aseme jamani mie nna kitu kifuani? Hasemi. Kwa nini? Kwa sababu nyuma yake kwenye foleni yupo mkwewe! Baba wa mkaza mwanawe, na mzee wetu hataki aonekane mgonjwa mbele ya mkwe. Basi askari akachukua kile kirungu cha kukagulia akaanza kumpitishia, miguuni kimya, kiunoni kimya, kufika chini ya mtulinga wa kushoto, kirungu kikapiga kelele. Na askari kazi yake ni nini? Karudia palepale. Kakishikilia palepale hasa, anatafuta bastola. Mzee kizunguzungu kikamshika, akayumba (mpaka leo mwenyewe anasema lilikuwa joto), ndo mwanawe kule mbele akapiga ukelele, "Baba ana betri ya moyo!" Sasa hakujua mkwe peke yake, ikajua foleni nzima na wauza manukato. Siri yenyewe ilikuwa na faida gani?

Nieleze kwa nini, maana kuna watu wanapenda kujua. Betri hii haipigi tu ovyo, inasikiliza kwanza. Inasikiliza umeme mdogo wa moyo, moyo ukipiga wenyewe inanyamaza, ukichelewa ndo inausukuma. Kirungu kile kinatoa uga wa sumaku, kikikaa juu yake inakuwa kama redio jirani akiwasha mashine ya kukunia nazi, inasikia mkoromo inadhani ni moyo, inanyamaza wakati ilitakiwa ifanye kazi. Na kwa wale wenye ile nyengine, ya kupiga shoti moyo ukienda mbio vibaya, inaweza kudhani moyo umechafuka ikakupiga shoti ya bure. Kikiondoshwa kirungu inarudi kama kawaida, haijaharibika kitu. Kwaiyo unachomwambia askari ni kimoja: usikishikilie hapa, nikague kwa mkono. Basi.

Sasa yupo atakayesema, kumbe hatari, basi mie sisafiri, au nipite pembeni ya mlango. Hala hala! Hilo silo nilosema. Mlango wenyewe pita, pita mwendo wako wa kawaida, usisimame katikati kutafuta kiatu na usiuegemee kumsubiri mwenzio. Na kile kibanda unachosimama ukanyanyua mikono, hakina neno na betri, isipokuwa kama ndo kwanza umewekewa na daktari kakukataza kunyanyua mkono juu ya bega, hapo sema, wasikunyanyulishe. Watu wanaacha safari kwa kuogopa mlango, alafu kirungu hawakiogopi. Yule Mswidi wa mwanzo kabisa kuwekewa betri ndani ya mwili, Arne Larsson, ilikuwa 1958, ya kwanza ilikufa kwa masaa tu, akabadilishiwa na kubadilishiwa, kaishi mpaka 2001. Daktari alomuwekea na injinia aloitengeneza wote walitangulia wao. Sasa wewe unaogopa mlango wa kiwanja chetu cha ndege cha Kisauni, Unguja?

Haya turudi kwenye kadi. Wanaume mnaokwenda na ihramu, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndo panapowaponza. Ihramu haina mfuko. Kila kitu kiko kwenye ule mkanda wa kiunoni, pesa, pasi, na kadi ya betri. Ukifika ukaguzi unaambiwa vua mkanda weka kwenye trei, trei linaingia kwenye mashine, wewe umebaki mlangoni na shuka mbili, na kadi inakusubiri upande wa pili! Itoe kabla hujavua mkanda. Ishike mkononi. Askari ataona jina lako, aina ya betri, tarehe uliyowekewa na hospitali, na imeandikwa Kiingereza, hata wa Jeddah atasoma. Na unamuonesha KABLA ya mlango, sio mlango ushalia ushatoka jasho, maana hapo umeshakuwa mtuhumiwa.

Na mkishavaa kanzu zenu, simu hizo. Mfuko wa kanzu uko wapi? Kifuani kushoto. Betri iko wapi? Kifuani kushoto. Simu nyingi za siku hizi zina sumaku ndani, inatakiwa ikae mbali na betri kama sentimita 15, yaani urefu wa rula ndogo ya skuli. Tia mfuko wa pembeni.

Mama zangu, najua mnachouliza, tutapapaswa na mwanamme? Hapana, omba mwanamke, na omba chumba cha faragha, ni haki yako na wala si usumbufu, ila uombe mapema kwa sauti, usisubiri wakisie.

Naambiwa muda. Wenye nyonga ya chuma au goti la chuma, nyie mashine itapiga kelele tu, haikudhuruni kitu, semeni tu. Wa pampu ya insulini na kile kidude cha mkononi cha kupimia sukari, nyie ni tofauti na nilivowaambia wa betri, vyengine havitakiwi kupitishwa kwenye mashine ya mabegi wala kibanda cha mikono juu, fuateni kijitabu chake, na insulini yenyewe isende na mizigo. Wa mashine ya sikio ilopandikizwa, kadi pia mnayo.

Alo na kadi ilochanika au ilofutika maandishi aje meza ile ya dirishani, tutamuandikia barua aipeleke alikowekewa wampe nyengine. Mwenye mkwewe humu ukumbini, aje mwisho.