Ngoma ya Pili Hatukuchezwa

MPWA: Karibuni tena barazani kwetu. Niliye naye ni shangazi yangu, dada wa baba, mkunga mstaafu aliyezalisha kwa zaidi ya miaka 30, Tanga na hapa Dar es Salaam. Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Nawasalimu na wote wanaotusikiliza.

MPWA: Leo tunazungumza habari ya kukoma hedhi, na tutaingia mpaka chumbani. Kama uko kwenye daladala na simu iko sauti ya juu, ipunguze kwanza.

SHANGAZI: Au iache hivyo hivyo, na mama aliyekaa siti ya nyuma asikie.

MPWA: Basi nianze na yangu. Nina miaka 47. Tangu mwaka jana naamka saa nane usiku kifua kinawaka, shuka limelowa, moyo unaenda mbio. Nageuza mto upande wa baridi. Kuna usiku umeme ulikatika, nikalowesha kanga nikajifunika nayo mpaka alfajiri. Nikaenda kwenye zahanati moja, nikapimwa malaria, hakuna. Nikarudi baada ya wiki mbili, malaria hakuna, nikaandikiwa dawa ya taifodi. Nikameza. Hakuna aliyeniuliza hedhi yangu ikoje.

SHANGAZI: Na ilikuwa ikoje?

MPWA: Ilikuwa inaruka. Mwezi huu ipo, miezi miwili haipo, halafu inakuja kwa fujo.

SHANGAZI: Swali hilo moja lingekuepusha na dawa zote zile. Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Lakini haikatiki siku moja kama maji ya bomba. Kuna miaka ya mpito kabla yake, ovari zinafanya kazi kwa kushtukizana, ile homoni ya kike iitwayo estrojeni leo iko juu, kesho iko chini. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka. Joto dogo tu, inadhani unaungua, inafungua mishipa ya damu ya ngozi na kumwaga jasho. Ndiyo hilo fukuto lako. Na tunahesabu kuwa hedhi imekoma ikishapita miezi 12 mfululizo bila damu. Wewe bado uko njiani.

MPWA: Kwa hiyo niende nikapime homoni? Huku mitandaoni kila siku naona vidonge vya kusawazisha homoni.

SHANGAZI: Hapana, hifadhi hela yako. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili kama zako, kipimo cha homoni mara nyingi hakisaidii, maana kiwango cha leo si cha wiki ijayo. Dalili zenyewe na umri ndivyo vinavyoeleza. Ninachotaka upime ni presha, sukari, damu kama imepungua kwa hedhi hiyo ya fujo, na tezi ya shingo, kwa sababu ikiharibika nayo inaleta jasho na mapigo ya moyo. Ila hedhi ikikata kabla ya miaka 40, huyo asikae nyumbani, aende kwa daktari mapema. Mifupa na moyo wake vinahitaji kulindwa. Na hivyo vidonge vya mitandaoni, muuzaji hajakuuliza una presha wala una uvimbe, anasawazisha nini?

MPWA: Shangazi, fukuto ningelivumilia. Kinachoniumiza ni kingine. Kwa miezi minne nimekuwa nalala chumba cha watoto. Nasema ni kwa sababu ya joto.

SHANGAZI: Na ukweli?

MPWA: Ukweli ni kwamba tendo linaniuma. Linachoma kama nimewekewa pilipili, na siku ya pili yake haja ndogo inakereketa. Mume wangu alishaniuliza mara moja kama nimemchoka. Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na la kumjibu.

SHANGAZI: Pole mama. Pole sana. Sogeza kiti, nikwambie jambo. Nilipovunja ungo nilitiwa ndani, nikachezwa ngoma ya unyago. Somo yangu alinifundisha kila kitu, namna ya kujisitiri, namna ya kufukiza udi nguo, kutunga asumini, kumpokea mume, hata mkao wa kukaa mkekani. Alinifundisha kuingia. Hedhi iliponikoma nina miaka 51, hakuna aliyebisha hodi. Nilimkumbuka bibi yangu, siku moja alihamisha godoro lake akasema, "Mimi sasa mtu mzima." Hatukuuliza kitu. Leo najiuliza kama naye alikuwa anaumia. Ngoma ya kwanza tulichezwa usiku kucha, ya pili hatukuchezwa kabisa.

MPWA: Hata wewe, mkunga?

SHANGAZI: Hata mimi. Tulisomeshwa mimba na kuzalisha. Mwanamke akishamaliza kuzaa, kitabu kilifungwa. Kwa hiyo sikiliza nikufundishe, na mwingine asikie. Estrojeni ndiyo inayoufanya uke uwe mnene, wenye unyevu, unaovutika. Ikipungua, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba na kavu, inachubuka kirahisi. Wale bakteria wazuri wanaoweka uchachu wa kulinda wanapungua, ndiyo maana UTI zinakuja kila mara. Na tofauti na fukuto, ambalo kwa wengi hupungua lenyewe baada ya miaka, ukavu hauondoki kwa kusubiri. Usipotibiwa unazidi. Ndiyo sababu nachukia neno "vumilia".

MPWA: Mimi shoga yangu aliniletea shabu. Akasema nimelegea, nijibane.

SHANGAZI: Uliitumia?

MPWA: Mara mbili.

SHANGAZI: Usirudie, nakuomba. Shabu inakausha. Umekwenda kumkausha aliyekauka, kidonda juu ya kidonda. Na unga wa mizizi, na sabuni yenye manukato kuingiza ndani, na moshi wa udi kuuelekeza huko, vyote acha. Udi ufukize nguo na chumba. Uke unajisafisha wenyewe, nje osha kwa maji. Na michubuko hiyo ni mlango wa virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine, kwa hiyo umri si kinga.

MPWA: Sasa nifanye nini?

SHANGAZI: Kwanza ni kilainishi, kile cha maji, kinauzwa maduka ya dawa. Kinatumika wakati wa tendo, kwako na kwake, na si kidogo. Mafuta ya nazi wengine yanawafaa, lakini mkitumia kondomu usiyaguse, mafuta yanaharibu mpira wake na unapasuka. Kuna na dawa za kuongeza unyevu ukeni, hizo unaweka mara kadhaa kwa wiki hata kama hakuna tendo, kama unavyopaka losheni. Visipotosha, daktari anakuandikia estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge kidogo. Ni kiasi kidogo mno, kinafanya kazi palepale, na ndiyo dawa inayorudisha ngozi ile. Uwe na subira ya wiki kadhaa. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake wa saratani.

MPWA: Si ndizo homoni zinazoleta saratani?

SHANGAZI: Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulitangaza kwamba vidonge vya estrojeni pamoja na homoni nyingine, projestini, vimeongeza saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Dunia nzima ikaogopa. Lakini wanawake wale wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi hedhi ilikwisha zamani. Baadaye takwimu zikachambuliwa upya kwa umri. Kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hedhi imekoma ndani ya miaka 10, faida ya homoni hizi kwa fukuto kali mara nyingi inazidi hatari. Hatari ipo, ndiyo maana anapima daktari, si jirani. Na mwenye kizazi hapewi estrojeni ya mwili mzima peke yake, lazima iende na projestini, la sivyo ukuta wa kizazi unaweza kupata saratani. Hizi si dawa za kuazimana.

MPWA: Na hamu? Maana hata maumivu yakiondoka, sijui kama hamu itarudi.

SHANGAZI: Mwili uliozoea kuumia unajifunga kabla hujaguswa, kwa hiyo anza na maumivu. Pia usingizi. Mtu anayeamka mara nne usiku anataka mto, hataki mume. Dawa nyingine za presha na za sonona nazo zinapunguza hamu, waulize wanaokutibu. Halafu damu sasa inachelewa kufika ukeni, unahitaji muda mrefu wa kubembelezwa kuliko ulipokuwa na miaka 25. Kwa wengi hamu haitangulii, inakuja mkishaanza. Na ukibana misuli ya nyonga, ile ya kuzuia mkojo, uibane na kuiachia kila siku, inakusaidia hata mkojo usikuponyoke ukipiga chafya. Ila kama ukiguswa tu misuli inakaza yenyewe, wewe jifunze kuiachia kwanza.

MPWA: Na mimba?

SHANGAZI: Bado unaweza kubeba. Nimewazalisha wanawake wa miaka 46 vitinda mimba wao, mama anadhani ni kukoma hedhi. Endelea na uzazi wa mpango mpaka ipite miaka miwili bila damu kama hujafika 50, au mwaka mmoja kama umevuka. Jingine nalisema kwa uzito. Hedhi ikishakoma mwaka mzima kisha ukaona damu, hata tone, hata baada ya tendo tu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Usiseme ujana umerudi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu Tanzania, na kuna kipimo kinachotumia siki tu, dakika chache, kinaonyesha dalili za awali. Wengi nimewaona wakifika hospitali ya saratani ya Ocean Road wamechelewa kwa sababu ya aibu.

MPWA: Nitakwenda. Lakini mume wangu nimwambieje? Tuna miaka 22 ya ndoa, hatujawahi kulitaja hili kwa jina.

SHANGAZI: Usimwambie kitandani. Mwambie mkiwa mmekaa, chai iko mezani, watoto wametoka. Mwambie, "Baba fulani, sijakuchoka. Mwili wangu umebadilika, tendo linaniuma, na nimeona aibu kukwambia." Kisha nyamaza, mwache ayaingize maneno hayo akilini. Usishangae na yeye akitoa lake. Wanaume wa umri wao sukari na presha zinawanyang'anya nguvu, nao hawasemi. Utakuta kila mmoja anadhani kakataliwa.

MPWA: Juzi alinunua feni ya pili, akaiweka upande wangu wa kitanda. Chumbani kwetu. Hakusema kitu.

SHANGAZI: Mama, mbona hilo hukuniambia mwanzo?

MPWA: Sikulielewa mpaka sasa hivi.

SHANGAZI: Basi leo ukifika nyumbani, iwashe.