Kila Kitabu na Mwendo Wake: Kusoma Tanzu Mbalimbali za Kiswahili

Shikamooni wakubwa zetu, na wengine habari za mchana.

Mtu akiingia maktaba au duka la vitabu akasema anataka kusoma Kiswahili, aanze na nini, kwa kawaida hutajiwa riwaya moja maarufu. Anaichukua, anasoma kurasa thelathini, kisha inalala kabatini mpaka inaota vumbi. Mara nyingi kitabu hakina kosa. Tatizo ni kwamba diwani imesomwa kwa kasi ya gazeti, tamthilia imesomwa kimyakimya, na riwaya ya upelelezi imesomwa kurasa tatu kila usiku kwa mwezi mzima hadi aliyeuawa amesahaulika. Jambo nitakaloshikilia leo ni moja: ukibadili utanzu, yaani aina ya maandishi, badili na usomaji. Bila hivyo kuchanganya vitabu hakuna faida, maana utakuwa unasoma kitabu kilekile chenye majalada tofauti.

Kwanza niiseme hasara tuliyoipata shuleni. Tulifundishwa kusoma ili tujibu mtihani: taja dhamira, eleza wahusika, toa mifano mitano ya tamathali za usemi. Usomaji wa namna hiyo unauweka utenzi, riwaya na mchezo kwenye mizani moja. Umetuachia pia miongozo. Dukani mwongozo hupangwa ubavuni mwa kitabu chenyewe, jina la kitabu limeandikwa kwa herufi kubwa na neno "Mwongozo" kwa herufi ndogo juu yake, na watu hununua mwongozo wakidhani wamenunua riwaya. Fungua ukurasa wa kwanza. Ukikuta "Utangulizi wa mwandishi, muhtasari, dhamira", rudisha rafuni. Ukiwa umekishika kitabu chenyewe, pekua ukiangalia namba za kurasa. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita, kwa hiyo hitilafu ya kiwandani huondoka na fungu zima au hulirudia fungu zima, na unaweza kutoka ukurasa wa 48 ukajikuta wa 65. Ni dakika moja ya ukaguzi, na inaokoa safari ya kurudi dukani.

Aliyekaa miaka bila kusoma namshauri aanze na upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kikatoka 1960, na ndani yake tukampata Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum. Kuna mauaji, watu wanaunyooshea kidole mzimu, Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Kisha kuna *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, 1965, na *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba, 1974, anamotembea Willy Gamba. Hawa wawili wana mwendo mwingine kabisa: mbio, bastola, hatari za miji mikubwa. Abdulla anataka ufikiri, Musiba anataka mapigo ya moyo yapande.

Vitabu hivi visomwe kwa haraka, vikao viwili au vitatu, ndani ya siku mbili. Chukua nusu karatasi, andika jina la kila mtu anayetokea na uhusiano wake na marehemu, basi. Kwa Bwana Msa, ongeza safu ya pili: nani alikuwa wapi saa ngapi. Ukifika robo tatu ya kitabu, funga, andika jina la unayemshuku na sababu moja, halafu endelea. Usiposimama hapo, mwandishi atakufumbulia kila kitu na hutajua kama dalili zilikuwa mbele ya macho yako tangu mwanzo. Wapo wanaoziita riwaya hizi pendwa kwa kuzidharau. Siwaungi mkono. Msomaji anayejua kushika dalili za Bwana Msa ameshajifunza kuangalia kitu kidogo kilichotajwa mara mbili, na ujuzi huo ataubeba hadi kwa Euphrase Kezilahabi, mwandishi mgumu zaidi tutakayemfikia mwishoni.

Sasa ushairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa.

Shairi la kimapokeo lilitungwa liimbwe au lighaniwe. Kulisoma kwa macho tu ni kulinyima nusu yake. Chukua ubeti huu wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake wasia mwaka 1858:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Hesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Ma-ra-dhi-ya-me-ni-shi-ka, nane. Mshororo, yaani mstari, wa pili: "mwa" katika "mwaka" ni pigo moja, usiikate vipande viwili. Wa tatu ndipo wanafunzi wanapoteleza, hupata saba wakasema mshairi kakosea. Hakukosea. Hiyo "m" ya "kutamka" inasimama peke yake: ku-ta-m-ka, mapigo manne, jumla nane. Wa nne: "kwa" moja, "mbi" moja, nane tena. Mishororo mitatu ya kwanza inaishia na "ka", wa nne unaishia na "a", na hiyo "a" itarudi mwisho wa kila ubeti tangu wa kwanza hadi wa mwisho, beti mia na ushei. Ukisoma kwa sauti beti kumi mfululizo, sikio linaanza kuingoja hiyo "a", na ndani ya kungoja huko ndimo wasia unamokaa. Ghani beti kumi na tano hadi ishirini kwa siku. Ukimaliza utenzi mzima kwa kikao kimoja utakumbuka sauti na kusahau maneno.

Maneno nayo yanatisha bure. "Lema" ni "jema". Lahaja za kaskazini zina mabadiliko machache yanayojirudia, na ukiyajua umeshavuka. Penye "ch" ya Kiswahili sanifu, Kimvita (cha Mombasa) na Kiamu (cha Lamu) mara nyingi huwa na "t": mato ni macho, nti ni nchi, mtele ni mchele. Penye "nj" tarajia "nd": ndia ni njia. Penye "j", Kiamu huweza kuweka "y": moya ni moja. Jaribu kanuni hizi kabla ya kukimbilia kamusi. Zikishindikana, hapo fungua kamusi, na andika maana pembeni kwa penseli. Neno moja la kale hurudi mara nyingi.

Baada ya utenzi, nenda kwenye shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na kitabu ninachokipendekeza bila kusita ni *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, 1973. Aliyatunga mashairi hayo gerezani Kenya, alikofungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kuandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Mtu amefungwa, na bado vina vya kati na vya mwisho vinasimama wima. Hapa soma shairi moja kwa siku, mara tatu: mara ya kwanza kwa sauti bila kusimama, ya pili ukitafuta nani anasemwa, ya tatu kwa sauti tena. Shairi lake kuhusu mamba ukilisoma mara moja utaona mnyama wa mtoni. Rudia ukikumbuka limetungwa wapi.

Kisha ndipo uchukue *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi, 1974, ambayo iliuacha ulazima wa vina na mizani na kuzusha ugomvi mkubwa kati ya wanamapokeo, walioshikilia sheria hizo, na wanamabadiliko, waliotaka ushairi huru. Sheria zilizobishaniwa zilikuwa zimeandikwa wazi na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954. Mpangilio huu una maana: anayeanza na mashairi huru hajui ni kipi kimeachwa, kwa hiyo hasikii uzito wa kukiacha.

Tamthilia haihitaji maneno mengi, inahitaji watu. Watu wanne wanatosha kusoma *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, 1969, kwa kugawana wahusika. Mmoja asome maelezo ya jukwaa na asifanye kazi nyingine, kwa sababu hayo ndiyo yanayorukwa, na yakirukwa mchezo unavunjika. Mchezo unafunguka kwa wanawake wawili wanaozungumzia njaa, waume wakiwa kwenye kazi ya kulazimishwa ya shamba la pamba la Mjerumani. Msomaji mwenye pupa huona hayo ni maongezi ya jikoni akangoja vita. Vita vyenyewe vimeshaanza pale. Someni polepole, na mahali palipoandikwa kimya, kaeni kimya kweli. Someni pia historia ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, kabla au baada, lakini msitumie kitabu kimoja kukisahihisha kingine. Kinjeketile halisi, wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905. Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha mtunzi, na Hussein mwenyewe ametoa tahadhari hiyo katika utangulizi.

Utanzu tuliousahau zaidi ni simulizi za maisha na safari. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna pia *Safari za Wasuaheli*, 1901, mkusanyo wa Carl Velten, yenye safari ya Selemani bin Mwenye Chande. Lugha ni ya wazi kuliko unavyodhani, sentensi fupi, "tukaondoka, tukafika, tukalala". Kinachomkwamisha msomaji ni vipimo na majina ya mahali. Frasila ni karibu kilo 16, kipimo cha pembe za ndovu. Doti ni kitambaa cha mikono minane, na ilitumika kama fedha. Weka ramani ya Tanzania na ya mashariki ya Kongo karibu, fuata njia kwa kidole kutoka pwani hadi Tabora, Ujiji, Manyema. Na uwe macho: Tippu Tip ni mfanyabiashara aliyeuza watu, na watu hao hawasemi kitu kwenye kitabu chake. Kwa hiyo usikiache kitabu hicho peke yake rafuni. Weka pembeni *Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela, 1934, inayotoka upande wa waliokombolewa, ingawa nayo inamsifu mno Mwingereza. Kisha *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Msafara ni uleule wa kwenda bara, lakini safari hii tunauona kwa macho ya kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Vitabu vitatu hivi vikisomwa ndani ya miezi miwili vinasemezana. Vikitenganishwa kwa mwaka, kila kimoja kinakuwa bubu kidogo.

Hadithi fupi zisomeni moja kwa kikao, na msiunganishe mbili siku moja. Mwisho wa ile ya kwanza unahitaji usiku wake.

Kuhusu ratiba, vitabu kumi na viwili kwa mwaka ni mzigo unaobebeka kwa mwenye kazi na familia. Riwaya nyingi za Kiswahili zina kurasa kati ya mia moja na mia tatu. Pima kasi yako mwenyewe: soma dakika ishirini, hesabu kurasa, gawanya. Ukisoma kurasa saba kwa dakika hizo, riwaya ya kurasa 180 itachukua kama saa tisa, yaani wiki mbili za dakika arobaini kila siku. Riwaya moja na diwani moja zinaweza kwenda pamoja, kwa kuwa moja inasomwa jioni na nyingine asubuhi kwa sauti. Riwaya mbili kwa pamoja zinagombana, hasa zikiwa za mji mmoja. Anayesoma *Kuli* na *Vuta N'kuvute* za Adam Shafi wiki moja atachanganya watu wa Unguja ya mgomo wa 1948 na wale wa miaka iliyofuata. Na kitabu kisichokushika baada ya kurasa thelathini kiache bila aibu, ila andika tarehe na mahali ulipofika. Vingine hukataa kwa sababu vimekuja mapema.

Mfano wa vinavyokuja mapema ni *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi, za 1990 na 1991. Ni vyembamba, havifiki kurasa mia kila kimoja, na wembamba huo unawadanganya watu wavianze kwanza. Hakuna kisa kinachonyooka, wakati unajikunja, wanafalsafa waliokufa wanatokea na kuongea. Tangulia na *Rosa Mistika*, 1971, kisha *Gamba la Nyoka*, 1979, ya vijiji vya Ujamaa, ambamo anasimulia kisa chenye mwanzo na mwisho. Ukishaizoea sauti yake, tenga wiki moja ya *Nagona*. Siku tatu za kwanza isome yote bila kusimama na bila kamusi. Pumzika siku moja. Kisha irudie ukiwa na penseli, na safari hii piga mstari chini ya kila swali linaloulizwa na mhusika. Usitafute majibu yake bado. Angalia maswali yanayorudi, na yanarudi kwa nani.

Karibuni kwa maswali.