Filamu Hii Imeniangusha

(Mhadhara uliotolewa Nairobi baada ya filamu kuonyeshwa)

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kubaki. Najua saa hizi watu wa Rongai na Kitengela mnawazia matatu, kwa hivyo nitasema langu niwaachie nafasi.

Filamu tuliyotoka kuitazama, In the Company of Men, ilitoka Marekani mwaka wa 1997. Neil LaBute aliiandika na kuiongoza kwa pesa kidogo sana, nayo ikamtoa Aaron Eckhart, yule anayeigiza Chad. Kwa miaka mingi nilisikia ikisifiwa: ukitaka kuiona chuki ya wanaume dhidi ya wanawake ofisini, itafute hiyo. Niliitazama wiki jana nikijiandaa kuja hapa, nikaitazama tena leo pamoja nanyi. Mara zote mbili imeniangusha.

Hadithi mmeiona. Chad na Howard wanatumwa na kampuni mji mwingine kwa wiki sita. Wanalalamika kwamba wanawake wamewatenda. Wanapatana wamtafute mmoja mpweke, wamtongoze wote wawili, kisha wamtupe kwa mpigo mmoja. Anayeangukiwa ni Christine, mpiga chapa wa ofisi ya huko, ambaye ni kiziwi.

Niseme kwanza panaponigusa. Kuna pale Chad anapomwita kijana mweusi, mwanagenzi, akamlazimisha avue suruali mbele yake. Hapo nilikaa wima. Kijana yule si mwanamke, wala hajamkosea mtu. Yuko chini tu, na Chad yuko juu. Mwandishi alikuwa ameshika kitu cha kweli kabisa kuhusu ofisi, kisha akakiachilia.

Maana mwishoni tunaambiwa nini? Howard anapouliza sababu, Chad anamjibu kwamba alifanya kwa kuwa aliweza. Hata yule mpenzi aliyedai amemkimbia, hakuwa amekwenda popote. Basi Chad ni shetani, na sisi tunatoka ukumbini tukishukuru kwamba hatufanani naye. Mimi nimefanya kazi miaka tisa katika ofisi moja ya Upper Hill, orofa ya sita, na shetani wa aina hiyo sikumwona. Niliyemwona alikuwa mtu wa kawaida, mkubwa wa idara, aliyetuchangia matanga na kutuuliza hali za watoto.

Mwaka mmoja alitujia mwanagenzi, binti wa chuo, kwa miezi mitatu. Mkubwa alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya kiti cha yule binti, mkono kwenye egemeo, akisoma kwa sauti kilicho kwenye kompyuta. Baada ya siku chache mkono ukahamia begani. Tulikuwa watu kumi katika chumba kile. Kila mmoja aliinamia kazi yake. Mzee wa hesabu alikohoa, akanyamaza.

Saa nne, wakati wa chai, nilimvuta yule binti hadi kwenye sinki tunapooshea vikombe. Nikamwambia, "Vaa sweta. Na ukimwona anangoja lifti, wewe panda ngazi." Sweta hakuwa nayo, nikampa yangu ya bluu iliyokuwa kwenye kiti. Akasema, "Asante, Mama." Ilikuwa Februari, jua linapiga vioo tangu asubuhi, naye akashinda na sweta ile imefungwa vifungo hadi shingoni. Mkono ulikuja vilevile.

Sheria zilikuwepo. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 23, inamtazama hasa mtu mwenye mamlaka: akipatikana na hatia, ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aandike sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, na aiandike baada ya kushauriana nao. Yetu ilikuwamo kwenye faili, ina muhuri. Pale kwenye sinki sikuitaja.

Sinki hiyo ndiyo niliyoitafuta katika filamu, nikaikosa. Wanawake wengine wa ofisi ile wanapita tu. Nani alijua? Nani alimtazama Christine akipokea maua kutoka kwa wanaume wawili, akaamua kunyamaza? Kamera iko na Chad na Howard, inajua cheo cha kila mmoja na wivu wa kila mmoja. Kuhusu Christine tunabaki na uzuri wake, upole wake na uziwi wake.

Na uziwi wenyewe! Mwishoni Howard anamfuata Christine hadi benki anakofanya kazi sasa, anapiga kelele amsikilize, naye hasikii. Watu wengi wanaupenda mwisho huo. Mimi uliniuma, kwa sababu hata hapo tunautazama mdomo wa mwanamume. Aliyeigiza, Stacy Edwards, si kiziwi. Namwona mkalimani wa ishara akitufanyia kazi hapa kando, katika nchi ambayo Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ningetaka sana wenzetu viziwi walioko hapa watueleze Christine angesema nini pale kaunta, kama angepewa nafasi.

Yule binti alimaliza miezi yake mitatu. Siku ya mwisho alinirudishia sweta, ameifua na kuipiga pasi, imekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Hakusema neno, nami sikumuuliza kitu. Filamu ninayoitamani ingeanzia kwenye mfuko ule.

Kipaza sauti kiko huko nyuma. Dada mwenye leso ya kijani, naona umeinua mkono tangu zamani. Karibu.