Mohenjo-daro: Tofali, Kisima na Mtaro

Mabibi na mabwana, karibuni. Tukitaja ustaarabu wa kale wa mabonde ya mito, wengi wetu fikra hutuenda Misri, kwenye piramidi. Leo twendeni bonde la mto Indus, katika Pakistan ya leo, kwenye mji wa Mohenjo-daro uliostawi kati ya mwaka 2600 na 1900 kabla ya Kristo. Hapo halijapatikana kaburi la mfalme hata moja. Vimepatikana visima, mabafu na mitaro, mtaa kwa mtaa, na mimi naviheshimu kuliko piramidi.

Lishike tofali la kuchoma la nyumba ya huko. Unene wake ni sentimita 7 hivi, upana 14, urefu 28. Yaani moja, mbili, nne. Mafundi waashi mlioko hapa mmeshaelewa. Matofali mawili yakilazwa ubavu kwa ubavu yanalingana na urefu wa moja, kwa hiyo mstari mmoja unalazwa kwa urefu, wa juu yake kwa kukingama, na viungo havipandani. Viungo vikifuatana toka chini hadi juu, ukuta hupasuka kwenye mstari huo wa viungo. Uwiano huohuo unaukuta Harappa, mji mwingine wa ustaarabu huohuo, umbali wa kilomita 600 hivi.

Kwenye kisima tofali lilibadilika umbo. Lilifinyangwa kama kabari, nyembamba upande wa ndani, pana upande wa nje, ili yakipangwa yafanye duara. Udongo unaposukuma kutoka pande zote, duara huzidi kujibana. Kisima cha pembe nne kingesukumwa katikati ya kila ukuta mpaka kibomoke kwa ndani. Inakadiriwa mji ulikuwa na visima zaidi ya 700. Kadiri nyumba zilivyojengwa juu ya vifusi vya zile za zamani, ardhi ilipanda, nao wakaongeza matofali mdomoni mwa kisima. Ndiyo maana leo, baada ya udongo kuchimbuliwa, visima vimebaki vimesimama kama minara.

Sasa maji yakishatumika, yanakwenda wapi? Sakafu ya bafu ilikuwa ya matofali yaliyobanwa sana, yenye mteremko kuelekea pembe moja. Maji yalipenya ukutani kwa tundu au bomba la udongo wa kufinyanga, yakaingia mtaro wa mtaani. Nyumba isiyofikiwa na mtaro iliweka nje mtungi wenye tundu chini: maji yananywea ardhini, uchafu mzito unabaki. Mitaro ilifunikwa kwa matofali au mabamba ya mawe yanayoweza kuinuliwa. Kila baada ya umbali fulani kulikuwa na shimo, sisi tungeliita chemba, ambamo tope lilituama.

Na hapa ndipo penye kazi. Chemba isipozolewa, tope hujaa, maji machafu hurudi nyuma na kumwagika barabarani. Kwa hiyo palikuwa na watu wa kuizoa, na utaratibu wa kuwasimamia, kwa vizazi na vizazi. Katika tabaka za mwisho za mji tunaona nyumba zimeanza kumega barabara na mitaro haitunzwi tena.

Mji ulikuwa pia na bwawa la matofali liitwalo Bafu Kuu, lenye urefu wa mita 12 hivi, upana 7, kina 2.4. Matofali yake yalisimamishwa kwa ubavu, yakaunganishwa kwa jasi, na nyuma yake wakapaka tabaka la lami kuzuia maji yasivuje. Lami hiyo ndiyo iliyoniteka, kwa kuwa ilipakwa mahali ambapo hakuna jicho lingeiona.

Mji huo sasa unaliwa na chumvi. Maji ya ardhini yenye chumvi hupanda ndani ya tofali. Yakikauka, chumvi huganda na kuvimba chini ya uso wake, na uso hubanduka vipande vipande mpaka tofali ligeuke unga. Njia mojawapo ya kuokoa kuta ni kuzipaka tope, ili chumvi igandie kwenye tope badala ya tofali. Tope hilo likishaharibika hukwanguliwa, na ukuta hupakwa jipya.