Mstaafu wa Jeshi na Njia ya Hospitali
(Mhadhara uliotolewa Jinja, Uganda, kwa askari wastaafu, familia zao na wanafunzi wa uuguzi)

Jambo, maafande. Hamjambo, akina mama. Wanafunzi mliosimama huko nyuma, sogeeni, viti vya mbele havina wenyewe.

Nimeombwa nizungumze juu ya msaada wa serikali kwa waliolitumikia jeshi. Najua mnachokisubiri. Wastaafu wakikutana wawili, wa tatu ni pensheni. Kiinua mgongo kimefika, hakijafika, cha fulani kimekatwa. Tutafika huko kwa njia ya mkato. Mimi nilifanya kazi ya tiba kwa miaka mingi, kwa hiyo mnisamehe nikianza na mguu.

Mguu wa bandia hauvaliwi maisha yote. Una soketi, ile sehemu kigutu kinapoingia. Mtu akikonda, soketi inalegea, akinenepa, inabana. Kila baada ya miaka michache inabidi itengenezwe nyingine. Sasa chukua askari aliyekanyaga bomu la ardhini kule kaskazini. Alipelekwa Mubende, kwenye kituo cha jeshi cha kuwarekebisha majeruhi, akajifunza kutembea upya. Hilo jeshi lilifanya, tusilinyime sifa yake. Kisha akastaafu, akarudi kwao Kitgum. Soketi ikalegea. Nimeona kigutu kimezungushiwa kipande cha blanketi ili kijae, na mkanda wa goti umekatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Ukilifungua lile blanketi, limeganda kwenye ngozi, na chini yake kidonda kinatoa maji. Jeraha la vita lilipona zamani. Hili limeletwa na kukosa nauli.

Na ukimuuliza kwa nini hakwenda Gulu, ambako kuna karakana ya viungo bandia kwenye hospitali ya rufaa, atakwambia, "Mimi ni mtu wa jeshi, faili yangu iko Bombo," kwenye hospitali ya jeshi. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Faili iko kwenye hospitali ya jeshi, Bombo au Mbuya, mgonjwa yuko kijijini, na daktari aliye karibu naye hajui huyu mtu alipigwa nini, alikatwa lini, wala ana vipande vingapi vya chuma mwilini. Anaanza naye kama mtoto mchanga.

Haya hayakuanza jana. Mji huu wa Jinja unajua: batalioni ya nne ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, ilikuwa na makao hapa, na hiki Kiswahili chetu cha gwaride tumekirithi kwao. Wazee wale walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa maveterani wa Jumuiya ya Madola waliobaki katika hali ngumu. Hesabuni wenyewe: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1945, mwaka 2018 ana 93. Wangapi walikuwa bado wanaweza kushika kijiko?

Kisha ikaja zamu yetu. Kati ya 1992 na 1995, askari zaidi ya 30,000 wa NRA, jeshi letu la wakati ule, walipunguzwa jeshini. Iliundwa Bodi ya Kusaidia Maveterani, Benki ya Dunia ikasaidia, na mtu akaondoka na fedha za kuanzia, mabati, mbegu. Mpango ule ulisifiwa sana, na kwa upande wa kumpa mtu paa ulistahili. Lakini mwili wake ulikabidhiwa zahanati ya kijiji ambayo wakati huo haikuwa na panadoli.

Kumbukeni huo ulikuwa wakati gani. Mwaka 1986 maofisa 60 walipelekwa Cuba kwa mafunzo, wakapimwa, 18 wakakutwa na virusi vya UKIMWI. Rais wa Cuba, Fidel Castro, mwenyewe alimwambia Rais Museveni walipokutana Harare. Habari ile ndiyo iliyosukuma nchi nzima ianze kuusema ugonjwa huu waziwazi wakati majirani walikuwa bado wananong'ona. Baadaye Wizara ya Ulinzi ikashirikiana na Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Makerere kuanzisha JCRC, kituo cha utafiti wa tiba kilichokuja kuwa mstari wa mbele wa dawa za kupunguza makali. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba afya ya jeshi na afya ya raia haziwezi kukaa meza moja. Zimekwisha kukaa, na taifa likafaidika.

Leo tuna Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani, na waziri wa nchi anayeshughulikia hao maveterani. Hospitali za serikali ziliondoa ada mwaka 2001. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, haukutiwa saini. Kwa maandishi, basi, mstaafu hakosi mlango. Anachokosa ni dawa ndani ya mlango, na karatasi ya kumwingiza.

Karatasi, ndugu zangu! Kijana aliyeingia msituni akiwa kadogo, yaani askari mtoto, alijiandikisha kwa jina la vita. Karani naye akaliandika alivyolisikia. Miaka ikapita, ukaja usajili wa kitambulisho cha taifa, akatoa jina la ubatizo na mwaka wa kuzaliwa aliokadiria mama yake. Sasa ni watu wawili: mmoja ana pensheni, mwingine ana kitambulisho. Akifa, mjane anaambiwa alete hati ya usimamizi wa mirathi, na hati inataka jina moja. Nimemsindikiza mama mmoja kwenye ofisi, sitaitaja. Kijana wa dirishani alimwuliza, "Una hakika huyu alikuwa mume wako?" Mama ana watoto saba wa huyo mtu.

Sasa usingizi. Hili wanaume hamtaki niliseme, lakini wake zenu wameketi hapa. Vikosi vyetu vilianza kwenda Somalia Machi 2007. Tarehe 26 Mei 2023 kambi yetu ya huko, Buulo Mareer, ilivamiwa, na Rais alitangaza kwamba tulipoteza askari 54. Walionusurika siku ile wataendelea kustaafu mmoja mmoja. Posho ya Somalia hujenga nyumba nzuri, lakini ndani ya nyumba hiyo kuna mtu analala ameegemea ukuta, uso kwenye mlango, na mkewe amehamia chumba cha watoto kwa sababu aliwahi kukabwa shingo na mtu aliyekuwa bado usingizini. Kijijini watasema ni majini au ni pombe. Pombe ipo, ndiyo, ameifanya dawa. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Kampala, na ni nani atakayepanda basi kwenda Butabika halafu arudi kuishi na majirani?

Kila Februari jeshi huadhimisha siku yake, Tarehe Sita, na madaktari wetu hutoka kutibu raia bure. Kazi nzuri, nimeshiriki. Ila presha na kisukari ni magonjwa ya kila siku. Mtu hawezi kupewa vidonge vya wiki mbili akaambiwa tuonane mwakani.

Ninaloomba si kubwa. Mtu anapotoka kambini kwa mara ya mwisho, pamoja na barua ya kustaafu apewe nakala ya faili yake ya matibabu mkononi, iandikwe kwa lugha ambayo mganga wa kituo cha afya anaisoma. Hospitali za rufaa za mikoa, Gulu, Arua, Soroti, Mbale, ziwe na siku moja kwa mwezi ya wastaafu, na mganga wa jeshi awepo. Magari ya jeshi huenda huko kila wiki. Nafasi ya mtu mmoja haikosekani. Fedha nyingi hazihitajiki, inahitajika barua kati ya wizara mbili.

Kuhusu majina yasiyolingana, pale mlangoni kuna mwanasheria na meza yake, ameahidi kukaa hadi jioni. Njoo na barua ya kustaafu, kitambulisho, na kama unayo, ile kadi ya zamani yenye namba ya jeshi. Namba haibadiliki hata kama jina limebadilika mara tatu. Na usije peke yako, njoo na mkeo, aijue namba hiyo kwa kichwa.

Sasa maswali. Afande mwenye kofia ameinua mkono tangu nilipotaja kiinua mgongo. Anza wewe.