Saini mdoli wako kabla haujaingia kwenye kahawa

Haya jamani tukae, walioko nyuma sogeeni mbele maana sauti yangu ni hii hii na maiki nshaikataa. Nimeambiwa niongelee kutengeneza na kuuza midoli ya kushonwa kwa mkono ya mtindo wa kizamani, ile ya Kimarekani, mwili wa amerikani iliyochovywa kahawa, uso wa kudarizi au wa rangi, nywele za sufu, nguo zimechakaa kabla hazijavaliwa. Wengi humu mnaitengeneza tayari kwahiyo sitawafundisha kushona. Nina jambo moja, na wanaonijua washaanza kucheka, ndio, ni lile lile. Weka jina na mwaka kwenye mdoli. Kwenye mwili wake. Sio kwenye kikaratasi.

Fikirini kazi yenyewe ilivyo. Tunachukua kitambaa cha dukani tunakichovya, tunakioka, tunakipiga msasa, tunatia kiraka mahali ambapo hapajawahi kutoboka, yote hayo ili mtu akiuona aseme huu umeachwa na bibi wa bibi. Sio dhambi, wateja wanaupenda muonekano huo na mi mwenyewe naupenda. Ila hapo ndipo penye hatari, maana mdoli uliozeeshwa vibaya haumdanganyi mtu yeyote. Wa fundi mzuri ndio unaodanganya.

Kuna mwenzetu mmoja, mama ana mikono huyo acheni tu, alikuwa anauza mdoli dola 45, kamba mkononi na kilebo cha karatasi kimening'inia. Miaka ikapita akaenda kwenye maonyesho ya vitu vya kale, akaukuta mdoli wake mezani umeandikwa karne ya 19, dola 600. Aliujua kwa sketi ya ndani, aliikata kwenye pazia la jikoni kwake. Akamwambia muuzaji huu nimeutengeneza mimi. Muuzaji akamuuliza, una ushahidi gani? Ushahidi ni pazia, na pazia lishatupwa! Yule baba wala hakuwa na kelele, akasema yeye kaununua kwa mtu, na huyo mtu kaupata kwenye sanduku la nyumba iliyokuwa inauzwa, mwenye nyumba kafariki. Na mi namuamini. Hilo ndio linaloniudhi kwenye hadithi hii, hakuna mwizi wa kumkamata! Inawezekana kabisa kile kikaratasi kilidondoka chenyewe, na kuanzia hapo kila aliyeushika alikuwa anasema ukweli kadiri anavyoujua.

Sasa mjuaji mmoja hakosekani, ataniambia mbona kuna ile taa ya zambarau, ya kukagulia noti, ukimulika kitambaa cha kisasa kinang'aa. Na kweli walimulika. Kaeni vizuri hapa. Kinachong'aa ni dawa ya kung'arisha weupe, na dawa hiyo imo pia kwenye sabuni za unga za siku hizi, kwahiyo gauni la zamani kweli likifuliwa na sabuni ya leo litang'aa, na amerikani mpya isiyopaushwa ambayo haijaguswa na sabuni hiyo inaweza isiseme kitu. Uzi wa polista ungemsaidia, mara nyingi unawaka, ila mama wa watu ni fundi, kashona kwa uzi wa pamba na ndani kajaza unga wa mbao kama walivyofanya wa zamani. Alibaki kusema tupasue tuone, na hata wangepasua wangeona nini? Na nani anapasua mdoli wa dola 600! Yani ubora wa kazi yake ndio uliomnyima ushahidi. Mdoli ukauzwa siku hiyo hiyo, na aliyeununua mpaka leo anajua ana mali ya kale.

Haya, najua mnachotaka kusema, saini itaharibu sura, midoli ya kale haikuwa na saini. Ile haikuwa nayo kwa sababu mama alimshonea mwanawe, hakuwa anauza, sasa amsainie nani? Baadhi ya waliokuwa wanauza waliweka alama. Izannah Walker wa Central Falls kule Rhode Island alipata hataza, yani hati ya serikali ya kulinda ubunifu, ya midoli yake 1873, na baadhi yake imegongwa tarehe ya hataza kichwani. Kichwani! Martha Chase wa Pawtucket, jimbo hilo hilo, aligonga muhuri mwilini. Käthe Kruse wa Ujerumani, saini iko kwenye wayo wa mguu wa kushoto, na wakusanyaji kitu cha kwanza wanafunua mguu. Mdoli wa Izannah mnadani unafika makumi ya maelfu ya dola, sasa niambie saini yako wewe itashusha nini.

Namna ya kufanya. Andika kwenye kitambaa kabla ya kushona, kalamu ya wino usiotoka majini, piga pasi wino ukamate, ndio uchovye. Au darizi herufi zako na mwaka kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, haionekani kwa mbali lakini kidole kinaisikia. Weka mgongoni chini ya nguo, ipite juu ya mshono, ili mtu akitaka kuiondoa achane mwili wote. Lebo ya kushonwa pembeni ni ya mkasi sekunde moja, hiyo msinionyeshe. Wengine wanatumbukiza sarafu ya mwaka huu ndani ya pamba, nzuri sana, ila sio kwa mdoli wa mtoto. Na muandike mwaka mzima, tarakimu nne, sio 24, maana 24 ya karne gani?

Mtoto, ee, hapo. Ukiuzia Marekani, tangu sheria ya 2008 bidhaa ya watoto wa miaka 12 kushuka inatakiwa iwe na alama ya kudumu inayoonyesha nani katengeneza, wapi na lini. Kwahiyo jambo langu mnaloliona la kizee serikali ishaliandika. Mtasema yetu ni ya mapambo. Sawa, ila huwezi kuandika "sio ya kuchezea" halafu kwenye picha ya tangazo kuna mtoto kaukumbatia, hawaangalii maandishi peke yake, wanaangalia na unavyoutangaza. Na macho ya vifungo kwa mtoto chini ya miaka 3 ni ya kukaba koo, darizini macho.

Muda naona naonyeshwa saa. Kahawa basi haraka: vanila na mdalasini mnavyotia kwenye kahawa ya kuchovya vinaleta harufu nzuri na vinaleta wadudu pia, kausheni mpaka ndani, oveni moto mdogo kama nyuzi 90 na usiondoke hapo. Asidi ya kahawa inakula pamba taratibu miaka inavyoenda, kutu ndio mbaya zaidi, hizo pini mnazozitia kutu kwa makusudi mi sizipendi.

Bei nilikuwa na mengi, nitasema moja, hesabuni na masaa ya uso, uso peke yake unaweza kula muda kuliko mwili mzima, halafu mnauza kama mnalipwa kitambaa tu. Na patani za kununua, yani vielelezo vya kukatia mdoli, someni masharti, nyingine zinakuruhusu kuuza midoli michache na nyingine haziruhusu kabisa. Ile Raggedy Ann, mdoli wa kitambaa wa nywele nyekundu za uzi ambao kila mtu anauiga, mchoraji Johnny Gruelle alisajili muundo wake 1915, jina lina wenyewe mpaka leo, msiliweke kwenye matangazo yenu.

Basi, maswali. Wewe dada wa kitenge cha bluu, kabla hujauliza, geuza huo mdoli uliobeba tuone mgongo.